Shemeji yangu wa Makete alishuka Kyela kuvuna mpunga akarudi hajitambui: tuzungumze kinga ya mwili

#1 Mpima Damu

Wakuu, kamwene.

Mimi ni mtu wa maabara hapa Rungwe. Kazi yangu ni kutoboa watu vidole na kukaa na darubini. Leo sileti habari ya kazini, naleta ya nyumbani.

Mume wa dada yangu ni mpasua mbao wa Makete. Mwili wake umejengwa na msumeno, na mwezi wa saba anaoga maji ya bomba alfajiri wakati sakitu imefunika majani ya Kitulo. Miaka kumi namfahamu, sikumbuki kumwona amelala kwa homa. Mwezi wa tano alishuka Kyela kumsaidia rafiki yake kuvuna mpunga. Akakaa wiki tatu kwenye nyumba ya baba wa huyo rafiki, mzee wa miaka sabini na kitu. Chandarua hakutumia, joto lilimshinda. Akarudi na magunia yake mawili, mzima wa afya.

Siku ya sita nyumbani akashikwa na homa, kichwa na viungo. Duka la dawa alilokwenda wakampa vidonge vya mafua na antibayotiki. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Baada ya siku tatu akawa anamwita dada yangu kwa jina la marehemu mama yake. Akakimbizwa hospitali, wakampima, ni malaria kali, akaanzishiwa sindano za artesuneti. Amepona, namshukuru Mungu, lakini mwezi mzima hakushika msumeno.

Baadaye nilikwenda Kyela kuwashukuru wale wenyeji, nikabeba vipimo vyangu. Waliokubali niliwapima. Mzee mwenye nyumba alikuwa na vimelea kwenye damu. Niliangalia tone lake mara mbili. Wakati naangalia, yeye alikuwa anakula ndizi na mbasa, ananiuliza habari za bei ya viazi huko juu. Hakuwa na homa wala kichwa. Nilimpatia dawa mseto kama inavyotakiwa, akameza kwa kunistahi tu.

Dada aliponisikia akaniuliza swali ambalo sijalala nalo vizuri: "Kaka, mwili wa mume wangu una kasoro gani, hata mzee wa miaka sabini amzidi?"

Hauna kasoro yoyote. Nataka nieleze kwa nini, na nitaeleza taratibu kwa sababu nimechoka kuona watu wenye miili ya chuma wanaletwa kwenye machela kwa kuamini kwamba nguvu na kinga ni kitu kimoja.

Mwili una kinga za namna mbili. Ya kwanza unazaliwa nayo. Ngozi ni sehemu yake, makamasi na kohozi ni sehemu yake, na asidi ya tumboni inayoua wadudu wengi unaowameza bila kujua. Wakipita hapo wanakutana na chembe nyeupe za damu zinazomeza kila kigeni. Mwaka 1882, mwanasayansi Élie Metchnikoff akiwa Messina, Italia, alichoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha samaki nyota, kiumbe kinachopitisha mwanga. Asubuhi yake akakuta chembe zimeuzunguka ule mwiba. Sisi tuliokulia kutembea pekupeku tunalijua hilo kwa miguu yetu: mwiba ukibaki siku mbili, pale panavimba, panapata moto, panatunga usaha. Usaha huo kwa sehemu kubwa ni mizoga ya chembe nyeupe zilizokwenda kumeza zikafia kazini. Homa nayo ni kazi ya mwili wenyewe. Ubongo unapandisha joto kwa makusudi, maana vijidudu vingi haviendelei vizuri kwenye joto hilo na chembe zetu zinachangamka zaidi.

Kinga hii ni ya haraka, lakini haijifunzi kama ile ya pili. Kila mgeni inamkabili vilevile.

Kinga ya pili inajifunza, na jibu la dada yangu limo humo. Tuna chembe nyeupe za aina nyingine zinazoitwa limfosaiti, mamilioni kwa mamilioni, na kila moja imezaliwa na umbo lake la kunasa, tofauti na la jirani yake. Mjapani Susumu Tonegawa alipata Nobeli mwaka 1987 kwa kuonyesha jinsi mwili unavyopata maumbo mengi namna hiyo kutokana na jeni chache: unazikata na kuziunganisha upya kwa mpangilio tofauti, kama silabi chache zinavyozaa maneno yasiyokwisha. Kwa hiyo kabla hujaugua surua, tayari unayo chembe moja mbili zinazoweza kuinasa surua. Shida ni kwamba ni chache mno. Mdudu akiingia, chembe hizo zinakutana naye kwenye tezi, ndiyo maana ukijikata mguuni mtoki unavimba kwenye paja. Zinaanza kuzaliana, zinajirekebisha, zinatoa kingamwili, yaani protini za kumnasa mdudu huyo. Mara ya kwanza kazi hiyo huchukua wiki moja hadi mbili, na ndizo siku unazolala kitandani. Ukipona, nyingi zinakufa, lakini baadhi zinabaki miaka na miaka, nyingine ndani ya uboho wa mifupa. Mdudu yuleyule akirudi, safari hii ni siku chache, mara nyingi hujui hata kama alipita.

Kwa hiyo kinga ni kumbukumbu. Msumeno haukufundishi malaria. Shemeji yangu ana kumbukumbu ya mafua yote ya Makete. Malaria alikuwa hajawahi kukutana nayo, kwa sababu kwenye baridi ile kimelea hakikomai ndani ya mbu. Joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi, kile kinachoua watu wengi kinasimama kukua. Yule mzee amekutana nacho tangu yuko mgongoni kwa mama yake.

Nikipata nafasi usiku nitaeleza kwa nini kumbukumbu ya malaria si kama ya surua. Karibuni.

#2 Mwana Ipinda

Ndaga fijo mkuu. Sisi wa huku chini hili tunaliona kila msimu. Wageni wa Mbeya mjini, Njombe, Makete wakija kwenye mpunga, sisi husema damu yao bado haijazoea. Kumbe tulikuwa hatuko mbali na ukweli.

Ila niseme jambo. Usiwape watu picha kwamba sisi malaria haitugusi. Nimezika watoto wawili wa kaka yangu. Huyo mzee unayemwona anakula mbasa, muulize walizaliwa wangapi kwao na wakakua wangapi.

#3 Mpima Damu

Mwana Ipinda, pole sana ndugu yangu. Umesema neno ambalo mimi nilipaswa kulisema kabla yako. Kinga ya wakubwa wa bondeni imelipiwa na watoto. Mtoto wa Kyela hazaliwi nayo. Miezi michache ya mwanzo anabebwa na kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma, zikiisha anaanza kujifunza mwenyewe, na masomo yenyewe ni homa, upungufu wa damu na degedege. Wengi wanaokufa kwa malaria Afrika ni watoto chini ya miaka mitano.

Nirudi kwenye ahadi yangu.

Kimelea cha malaria ni mjanja kuliko kirusi cha surua. Mbu anakutemea vimelea vichache, makumi tu, na ndani ya saa moja hivi vimekwisha kujificha kwenye ini. Huko vinakaa wiki nzima vikizaliana, wewe unapiga kazi hujui. Ndiyo maana shemeji aliugulia Makete na si Kyela. Vikitoka kwenye ini ni maelfu kwa maelfu, vinaingia kwenye chembe nyekundu za damu.

Hapo pana jambo nalipenda sana kulieleza. Karibu kila chembe ya mwili ina desturi ya kuanika nje vipande vya kile kilichomo ndani yake, kama mama anavyoanika dagaa uani. Chembe za ulinzi zinapita zinakagua. Zikiona kipande cha kigeni, chembe ile inauawa pamoja na kilichomo. Lakini chembe nyekundu haina kiini na haianiki chochote. Kimelea kimechagua nyumba ambayo mlinzi hana mahali pa kuchungulia.

Bado ina hatari moja: bandama. Bandama inachuja damu na kuondoa chembe nyekundu zilizoharibika. Kukwepa kichujio hicho, kimelea kinatoa vinundu vya protini juu ya ngozi ya chembe nyekundu, ing'ang'anie kwenye ukuta wa mshipa isipelekwe bandamani. Ikinata kwenye mishipa ya ubongo, ndiyo ile shemeji anamwita mkewe kwa jina la mama. Mwili unakiona kinundu, unakitengenezea kingamwili, na kimelea kinabadilisha kinundu. Kina jeni zipatazo 60 za kubadilishia. Umemjua kwa koti jekundu, kesho kaja na la bluu.

Kwa hiyo mtu wa Kyela hajajifunza malaria mara moja. Amejifunza koti moja moja, miaka na miaka. Na hata akimaliza, kinga yake haivifukuzi vimelea vyote, inavipunguza na kutuliza makali. Ndivyo mzee anavyokaa navyo anakula ndizi.

#4 Kijana wa Uyole

Uzi mzuri mkuu. Sasa swali la sisi vijana. Kama nataka kushuka Kyela au Usangu mwezi ujao, si nianze mapema kunywa tangawizi, limau na kitunguu saumu nipandishe kinga? Na zile unga lishe wanazouza pale Mwanjelwa, wanasema zinaongeza CD4, zile chembe za kinga. Nauliza kwa nia njema.

#5 Mpima Damu

Umeuliza vizuri mdogo wangu. Nitakujibu wazi.

Tangawizi inalainisha koo, limau lina vitamini C, kunywa kwa raha zako, na mimi nakunywa. Lakini hakuna kinga moja ya jumla inayopanda na kushuka kama upepo kwenye tairi. Kingamwili ya surua haishiki malaria. Ya pepopunda haishiki kichaa cha mbwa. Huwezi kunywa kitu kikaufundisha mwili wako koti la kimelea usichowahi kukutana nacho. Na hata kama ungeweza kupandisha kila kitu kwa pamoja, usingependa: pumu na mzio ni kinga iliyopambana na vumbi lisilo na kosa, na yako magonjwa ambayo kinga inakula viungo vya mwenyewe.

Mtu mwenye CD4 zilizoshuka kwa sababu ya VVU anahitaji ARV. Anayemwuzia unga badala ya hapo anamfanyia jambo baya sana.

Kwa safari yako: chandarua chenye dawa, unalala ndani yake hata kukiwa na joto. Ukipata homa ukiwa kule, au ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, pima siku hiyohiyo na mwambie anayekuhudumia, "nimetoka Kyela." Maneno hayo mawili yangemwokolea shemeji yangu siku tatu.

#6 Mkulima Pawaga

Nawasoma nikiwa huku kwenye joto la Pawaga, Iringa, na sisi tunapokea vibarua wa kutoka Kilolo na Mufindi, hali ni hiyohiyo.

Lakini mkuu hapo kwenye kujifunza, nina hoja. Wazee wetu hawakuchanjwa, waliugua, wakajifunza kwa njia ya asili, wakafika miaka tisini. Kwa nini leo mtoto wa mwezi mmoja ana sindano? Babu yangu Mhehe hakuwa na alama begani, na alilima mpaka anaingia kaburini.

#7 Mpima Damu

Mzee wangu shikamoo. Hoja yako ina nusu moja ya kweli na nitaanza na hiyo. Ni kweli kuugua kunafundisha, na wakati mwingine kunafundisha kwa uimara wa ajabu. Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, kaskazini ya mbali ya Ulaya. Watu hawakufika 8,000 na waliougua walikuwa kama 6,000. Daktari kijana wa Kidenmaki, Peter Panum, alipita nyumba kwa nyumba akagundua kwamba vikongwe walioiugua surua ya mwaka 1781 hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Miaka 65 imepita, surua haijaonekana visiwani, na miili bado inakumbuka.

Nusu ya pili ni hii: babu yako tunamwona kwa sababu alibaki. Waliokuwa wa rika lake wakaondoka na ndui hatuna wa kutuhadithia habari zao. Ndui iliua takriban watu 3 katika kila 10 iliowashika, na waliopona wengi walibaki na makovu usoni, wengine vipofu. Hiyo nayo ni njia ya asili.

Chanjo ni somo lilelile bila ugonjwa wenyewe. Unampa mwili koti la mdudu, au mdudu aliyedhoofishwa, zile chembe moja mbili zinakutana naye kwenye tezi, zinazaliana, zinabakiza kumbukumbu. Edward Jenner alianza mwaka 1796 kwa ndui ya ng'ombe, na mtu wa mwisho kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 ikatangazwa imekwisha duniani. Ile alama ya bega la kulia ni BCG, ya kifua kikuu. Kwa mkubwa haizuii sana kifua kikuu cha mapafu, hilo nakiri. Kwa mtoto mchanga inakinga kile kinachosambaa mwilini na kuingia kwenye utando wa ubongo, na mtoto akipata hicho, Mzee wangu, ni machozi.

Na kuna ugonjwa ambao kuugua hakufundishi kitu: pepopunda. Sumu yake ni kali kiasi kwamba kipimo kinachotosha kuua hakitoshi kuufundisha mwili. Mtu akiugua pepopunda akapona, bado anachanjwa. Wewe mwenye jembe na mbolea ya samadi, hiyo ndiyo ningekuomba uiulizie kituoni.

#8 Nesi wa Makambako

Naomba nichangie. Niko kwenye huduma za tiba na matunzo miaka mingi, na mkoa wetu wa Njombe hauwezi kuzungumza kinga ukaacha VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Sisi tunaijua kinga kwa kuiona ikiondoka.

Mpima Damu amesema chembe zinakutana na mdudu kwenye tezi zikaanza kuzaliana. Haziruhusiwi kuanza hivihivi. Chembe ya kutengeneza kingamwili ikishamnasa mdudu, inabidi ipate idhini ya chembe nyingine, ile tunayoiita CD4. Ni kama kijana anayetaka kitambulisho: anaweza kuwa na kila kitu, lakini bila barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hasogei. Utaratibu huu upo ili mwili usijigeuke wenyewe. Na hizo CD4 zenyewe zimechujwa utotoni kwenye tezi moja iliyo kifuani juu ya moyo, zile zinazoelekea kushambulia mwili zikaondolewa. Ni wachache tu wanaofaulu mtihani huo.

VVU anaingia kwa mwenye muhuri. Mtu mzima wa kawaida ana CD4 kama 500 hadi 1,500 kwenye kipimo chetu. Zikishuka chini ya 200, mdudu ambaye miaka yote alikuwa kimya anaamka. Wa kwanza mara nyingi ni kifua kikuu. Karibu robo ya watu duniani wanaye kimelea huyu, na wengi hawataugua maishani, kwa sababu chembe nyeupe zimemzungushia ukuta ndani ya mapafu zikamfungia humo. Ukuta ule unahitaji kulindwa kila siku, na CD4 ndizo zinazousimamia. Zikiondoka, ukuta unabomoka.

Nimewaona watu wanaletwa kwa mkokoteni, miezi sita ya dawa baadaye wananiletea parachichi kutoka shambani kwao. ARV hazimwongezei mtu kinga kutoka nje. Zinamfunga kirusi mikono, halafu mwili unajirudishia CD4 zake wenyewe. Anayemeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Naliandika hili kwa sababu bado kuna ndoa zinavunjika kwa kutolijua.

#9 Mama Pacha

Da Nesi, umenitoa machozi, nina mdogo wangu ambaye habari yako ni yake.

Mimi niko Iringa mjini, watoto wangu wana mwaka na miezi minne. Kliniki wameniambia mmoja amedumaa. Nililia, kwa sababu kwetu chakula kipo. Mahindi yapo, viazi vipo, maharage yapo. Na huyo ndiye anaumwa kila wiki: kifua, kuhara, masikio. Je, kudumaa na kuumwa ni kitu kimoja? Na chanjo ya surua ya miezi tisa alikosa kwa sababu alikuwa na mafua, sasa niipeleke au nimechelewa?

#10 Mpima Damu

Mama Pacha, pole, na hujachelewa. Mpeleke kesho. Mafua madogo hayazuii chanjo. Dozi ya kwanza ya surua na rubela ni miezi tisa, ya pili miezi kumi na minane, aliyekosa anapewa akifika.

Usiichukulie surua kuwa ni vipele tu. Kirusi chake kinapenda kuingia ndani ya zile chembe zinazotunza kumbukumbu, na kinaziua. Mwaka 2019 watafiti walipima damu za watoto kabla na baada ya kuugua surua, wakakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona surua akiwa amesahau masomo yake, anaanza kuugua upya yale aliyokwisha kuyashinda. Waliochanjwa hawakupoteza.

Kuhusu kudumaa: ndiyo, ni duara moja. Usijilaumu. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni karibu asilimia 57 Iringa na 50 Njombe, taifa zima asilimia 30. Ghala la chakula la nchi ndilo lenye watoto wafupi. Wengi wetu tunawalisha uji wa mahindi asubuhi na ugali jioni. Tumbo linajaa, lakini kingamwili ni protini, na chembe nyeupe zinazaliwa kwa mabilioni kila siku, zinahitaji vitu vya kujengea: mayai, dagaa, maharage, mboga za majani, karanga. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hata ile tezi ya kifuani aliyoitaja Nesi inasinyaa. Bila vitamini A utando wa matumbo na wa njia ya hewa unakuwa dhaifu, ukuta wa kwanza unatoboka. Akihara, kile kidogo alichokula kinapotea, kinga inashuka, anahara tena. Hapa ndipo chakula na kinga vinakutana kweli, na nilipomjibu Kijana wa Uyole nilipaswa kuligusa: aliyepungukiwa, chakula kinamrudishia. Aliyeshiba vizuri, unga wa dukani haumwongezei.

Matone ya vitamini A na dawa za minyoo mwezi wa sita na wa kumi na mbili, usikose. Na kama wananyonya bado, endelea. Maziwa yana kingamwili zinazopaka utando wa matumbo, na zimetengenezwa na mwili wako dhidi ya wadudu wa nyumba hiyohiyo mnayoishi. Yale ya njano ya mwanzo, dang'a, ndiyo yenye nyingi zaidi, na inaniuma kusikia bado wako wanaoyakamua na kuyamwaga.

#11 Mtoto wa Matema

Wakuu, mbona mimi ni wa Kyela kwa kuzaliwa na malaria imenipiga? Nimesoma Iringa miaka mitatu sijashuka nyumbani. Nilivyorudi likizo, wiki mbili nikalazwa. Wadogo zangu hata hawakukohoa. Baba anasema nimekuwa Mzungu.

#12 Mpima Damu

Hujawa Mzungu, umesahau. Au tuseme damu yako imesahau nusu. Kumbukumbu ya malaria ni ya kukumbushwa mara kwa mara. Ukikaa kwenye baridi ya Iringa mwaka, miwili, mitatu bila kuumwa na mbu mwenye vimelea, kingamwili zinapungua. Hazirudi sifuri, mara nyingi aliyezaliwa kule hafi kirahisi kama shemeji yangu alivyotaka kufa, lakini unaugua. Wewe uko kwenye hatari kuliko unavyojidhania, kwa sababu unarudi nyumbani kwa kujiamini.

Nimeulizwa pia faraghani tutajuaje kwamba ni kingamwili na si "damu nzito" ya wazaliwa. Mwaka 1961 nchini Gambia, Sydney Cohen, Ian McGregor na wenzao walichukua damu ya watu wazima wenyeji, wakachuja kingamwili peke yake, wakawadunga watoto wagonjwa wa malaria. Vimelea vikashuka. Miaka miwili baadaye kingamwili za Afrika Magharibi zikatumika kwa watoto wa Afrika Mashariki, zikafanya kazi. Kwa hiyo makoti ya kimelea yanafanana kiasi kutoka bahari hadi bahari, na ujuzi umo kwenye kingamwili. Ni kweli kuna watu wenye chembe za damu zinazowasaidia kwa kuzaliwa, waliobeba nusu ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, lakini hilo ni jambo jingine na halielezi wewe na wadogo zako wa tumbo moja.

Nimwongeze mama mjamzito, nisije nikasahau. Hata mwenyeji kabisa wa Kyela, mimba ya kwanza inamrudisha nyuma, kwa sababu kondo la nyuma linampa kimelea mahali papya pa kunata na koti jipya ambalo mwili wa mama haujawahi kuliona. Mimba za baadaye anakuwa amelijua. Zile dawa za SP mnazomezeshwa kliniki mbele ya muuguzi ni kwa ajili hiyo. Mzimeze.

#13 Mkulima Pawaga

Marahaba kijana, nimechelewa kuitikia. Nimeuliza kituoni habari ya pepopunda, nimechomwa juzi, narudi baada ya wiki nne. Na vibarua wangu wa msimu huu nimewaambia hakuna kulala kibandani bila chandarua. Wawili wamenicheka.

#14 Mpima Damu

Mzee wangu, ahsante. Hao wawili wapime wakishikwa na homa tu.

Dada amenipigia leo. Shemeji anashuka tena Kyela mwezi wa kumi na mbili, kupanda. Nilifikiri nitamkataza, nikaona sina haki, mpunga ule ndio ada ya watoto. Amefungasha chandarua na kipande cha kamba. Yule mzee naye amempigia simu, anasema chumba alicholala mara ile amekwisha kugongea misumari minne ukutani.